Kushindwa kula asubuhi mapema: jibu langu kwa mdau anayesikia kichefuchefu akiona chai

Mkuu nimesoma swali lako nikaona nisipite kimya maana hii ishu nimeishi nayo tangu mdogo. Umesema ukiamka tu huwezi kutia kitu mdomoni, ukijilazimisha unasikia kichefuchefu, mkeo analalamika kwamba anawahi kuamka akuandalie chai halafu unaiacha mezani inapoa, na kubwa kuliko yote unaogopa utapata vidonda vya tumbo. Ntakujibu kwa nilivyopitia mimi na vitu nilivyokuja kuvijua baadaye, ni ndefu kidogo ila vumilia.

Tuanze na vidonda ili hiyo hofu ikutoke. Wengi tumekua tukiambiwa ukikaa na njaa asidi itakutoboa tumbo, na mimi niliamini hivyo miaka mingi sana. Kumbe vidonda vingi vinaletwa na bakteria anaitwa Helicobacter pylori, na vingine vinatokana na kunywa dawa za maumivu muda mrefu, hizi aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ambazo watu wanameza kama pipi kila mgongo ukiuma. Waliomgundua huyo bakteria ni Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, na mwanzoni wenzao hawakutaka kuwasikiliza, mpaka mwaka 1984 Marshall akachukua kimiminika chenye hao bakteria akakinywa mwenyewe, hazikupita siku nyingi akaanza kutapika na walipomwangalia kwa kamera wakakuta tumbo limeshavimba kwa ndani. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kwahiyo kuruka chai peke yake hakukupi kidonda mkuu. Ila kama una maumivu yanayokuja tumbo likiwa tupu na ukila yanatulia, hilo ni jambo lingine, usikae unalituliza na mkate kila asubuhi, nenda kapime, kuna kipimo cha choo na cha pumzi, na akikutwa huyo bakteria anatibika kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi.

Sasa nije kwangu. Nilivyokuwa mtoto kwetu kulikuwa na sheria moja tu ya asubuhi, hutoki mlangoni kabla hujamaliza kikombe cha maziwa na mkate wako. Maziwa yanachemshwa, yanamiminwa kwenye kikombe, na mimi nachelewa kuyanywa kwasababu ya moto, sasa yakianza kupoa juu yanafanya ule utando. Ukiinua kikombe unakuja wenyewe, unagandia mdomo wa juu, laini halafu una mafuta mafuta, na huwezi kuutema maana mama kasimama hapo hapo anakuangalia. Nilikuwa nameza nimeziba pumzi, nikifika njiani siku nyingine natapika kila kitu. Mama simlaumu hata kidogo, alikuwa anataka mwanae asishinde njaa darasani na mimi sikuwahi kumwambia kwamba natapika. Lakini mpaka leo, na umri huu nilionao, nikisikia harufu ya maziwa yanachemka asubuhi koo linafunga. Mchana maziwa yale yale nakunywa vizuri tu. Ndo maana nakuambia jaribu kukumbuka, inawezekana kichefuchefu chako kina historia na hakihusiani na ugonjwa.

Nilivyoanza kujitegemea nikaacha kabisa kula asubuhi. Kahawa nyeusi vikombe viwili basi, najiona nimepata uhuru wangu. Ila ikifika saa nne na nusu hivi naanza kutetemeka vidole, nakuwa mkali kwa watu bila sababu, naandika kitu nakisoma mara tatu sielewi, halafu nafungua droo natoa biskuti na pakiti nzima inaisha kabla sijajua. Nilidhani kahawa inanipa nguvu. Kafeini haikupi nguvu yoyote, inachofanya ni kuzuia adenosini, ile kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, na inakaa mwilini muda mrefu, baada ya masaa kama matano nusu yake bado iko kwenye damu. Kwahiyo mimi nilikuwa naficha njaa na uchovu kwa pamoja halafu vyote vinanirudia kwa mkupuo.

Kitu kilichonisaidia kuacha kujiona nina kasoro ni kuelewa kwamba kukosa njaa ukiamka ni kitu cha kawaida. Usiku kucha ini linakuwa linatoa sukari iliyojiwekea ili ubongo usikose chakula, na ukifumbua macho homoni ya kortisoli inapanda kwa kasi kwa nusu saa hadi dakika 45 za mwanzo, nayo inachangia kusukuma sukari kwenye damu. Yaani mwili umeshakupa kitu cha kuanzia siku kabla hujafika jikoni. Kuna utafiti ulitoka 2013, waliweka watu maabara karibu wiki mbili kwenye mwanga hafifu, ratiba zao za kulala na kula zikavurugwa makusudi, wakawa wanawauliza wana njaa kiasi gani. Ikaonekana saa ya ndani ya mwili inaweka njaa chini kabisa kwenye saa mbili asubuhi na juu kabisa saa mbili usiku. Yaani asubuhi, muda ambao kwa kawaida mtu anakuwa amekaa bila kula muda mrefu kuliko wote, ndo saa ya mwili inaweka njaa ndogo! Hiyo ilinigusa sana maana utotoni nilikuwa naambiwa mimi mtoto mkaidi.

Sasa dawa yangu sikuipata asubuhi, niliipata usiku. Nilikuwa nakula chakula cha usiku saa nne, sahani imejaa, napanda kitandani tumbo kama ngoma. Ikatokea nikahamishiwa shifti inayoanza mapema, nikawa nalala mapema na kula saa moja na nusu jioni kwa lazima. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili nayo ikapita hivyo hivyo mpaka karibu na mwisho, siku moja nimeamka nasikia kitu tumboni nikajiuliza hiki nini, kumbe ni njaa, njaa ya kweli ya asubuhi ambayo sikuijua tangu nizaliwe. Baadae ndo nikajua kuna homoni ya njaa inaitwa ghrelini, hiyo inajifunza ratiba yako, inapanda kabla ya muda uliouzoeza mwili kula. Ukizoea kula saa nne usiku itakuamsha njaa saa nne usiku. Kwahiyo kabla hujajilazimisha na chai ya saa kumi na mbili alfajiri, angalia kwanza jana yake ulikula saa ngapi na ulikula kiasi gani. Ningeanzia hapo kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ninachokula sasa hivi ni mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha mkate niliokausha kidogo, kwenye saa tatu hivi, siyo nikiamka. Na nayachemsha kwa namna moja tu, maji yachemke kwanza, yai nalishusha na kijiko lisipasuke, dakika saba kwa saa ya simu, halafu chap kwenye maji baridi. Ukilikata katikati ute umeshika vizuri ila kiini bado kizito kama asali, nanyunyiza chumvi na pilipili manga, kile kinachomwagika nakifuta na mkate. Hii kwangu ni raha kubwa jamani, kuna siku nalala nikiiwaza. Kama mayai yako yanabanduka vipande vipande ukimenya jua ni mapya sana, yaache siku chache ndo uchemshe, yatamenyeka. Mayai mawili yana protini kama gramu 12 hivi na yanakaa tumboni, ile mikono kutetemeka saa nne na nusu iliisha ndani ya siku chache tu, na biskuti sikuzikataza, zenyewe ziliacha kuniita.

Nisichokipenda ni vitu vitamu asubuhi. Jamu, mkate wenye sukari juu, juisi ya pakiti, na hizi nafaka za boksi zinazomwagiwa maziwa. Nikila hivyo baada ya masaa mawili nina njaa kuliko aliyelala bila kula. Halafu historia yake inashangaza, hizo nafaka zilianza kama chakula cha wagonjwa, daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek kule Michigan na mdogo wake Will walikuwa wanatafuta chakula laini cha kuwapa watu kwenye kituo chake cha afya miaka ya 1890, mwaka 1906 Will akaanzisha kampuni yake na sukari ikaongezwa, kitu ambacho kaka mtu hakukipenda. Sisemi anayekula anakosea, kama zinakukalia vizuri kula, ila soma ubavuni mwa boksi kwanza sukari ni gramu ngapi. Uji wa oti usio na sukari ni habari nyingine, huo naukubali, unashibisha maana una zile nyuzi nyuzi zinazovimba, na zimethibitika kusaidia kushusha lehemu ukila vya kutosha kila siku.

Wadau wengine humu wamekuambia kifungua kinywa ndo mlo muhimu kuliko yote na usipokula utanenepa. Hapo sikubaliani nao. Mwaka 2019 kuna watafiti wa Australia walikusanya majaribio 13 ya kuwalinganisha wanaokula asubuhi na wasiokula, wakakuta wanaokula walikuwa wanaingiza kama kalori 260 zaidi kwa siku, na uzito tofauti ilikuwa chini ya nusu kilo, tena wasiokula ndo wepesi kidogo. Wenyewe walisema majaribio mengi hayakuwa na ubora wa juu kwahiyo usilichukue kama ruhusa ya kuacha kula, ila hiyo habari ya kwamba usipokula unanenepa haina miguu. Mimi nakula kwasababu nafanya kazi vizuri nikila. Jirani yangu ofisini hagusi kitu mpaka saa sita na kichwa chake kiko sawa kabisa, nisimsumbue kwa lipi.

Wapo ambao hili siwashauri kulichezea. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari asiruke mlo kwa kusoma jibu langu, aongee na daktari wake. Na mwenye upungufu wa damu anayekula vizuri asubuhi halafu anashushia na chai ya rangi kali, hiyo chai inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na mboga yasifyonzwe vizuri, bora chai ainywe lisaa limoja baada ya kula na kwenye chakula aweke chungwa.

Halafu kuna hili la mswaki, watu wanalidharau. Mimi napiga mswaki nikiamka, kabla ya kula, na zamani nilikuwa nakula hapo hapo kila kitu kinakuwa kichungu, juisi ya chungwa ndo usiseme. Ni ile sabuni ya kwenye dawa ya meno inavuruga ladha ya utamu kwa muda. Inawezekana na wewe unaamka, unapiga mswaki, unakaa mezani hapo hapo, chai inakuwa na ladha mbaya na unaamini tumbo ndo limekataa. Jaribu kuacha nusu saa ipite. Na ukipenda kupiga baada ya kula, ukiwa umekunywa kitu chenye uchachu subiri kama saa moja maana meno yanakuwa yamelainika juu.

Mwanangu wa pili kanifuata mimi, asubuhi hali. Nilijiapia sitamsimamia mtu na kikombe. Tulichokubaliana ni kwamba haondoki mikono mitupu, ana kopo lake dogo, yai moja limeshamenywa na ndizi, anakula mapumziko ya kwanza na kopo linarudi tupu. Siku likirudi na yai namuuliza kwa upole tu, mara nyingi nakuta jana yake alikula amechelewa.

Kuhusu mkeo mkuu, mimi naona hapo ndo penye uzito kuliko hata tumbo lako. Mtu anaamka giza anakupikia, wewe unaacha kikombe kimejaa unaondoka, hata kama hujasema kitu umeshasema. Mwambie usiku mkiwa mmetulia, siyo asubuhi ukiwa unakimbia, kwamba chai yake unaitaka ila saa kumi na mbili hiyo mwili wako haupokei. Muombe asiamke kwa ajili yako, mayai mnaweza kuyachemsha usiku mkayaweka kwenye friji, asubuhi unabeba pamoja na chai kwenye chupa unaenda kula saa tatu. Ukishakula mpigie umwambie. Na siku za mapumziko usikubali akuandalie, amka wewe, subirini mpaka wote njaa iwashike, hata kama ni saa nne, mle pamoja.