Kabla hujanunua pampu mpya, pima uniti zako

Swali ninaloulizwa zaidi na jumuiya za watumia maji ni hili: "Fundi, tufunge sola?" Umeme unakula makusanyo yote, haibaki hata ya kununulia gaski. Nami huwauliza: mnatumia uniti ngapi kupandisha lita 1,000 za maji? Mara nyingi hakuna anayejua. Ushauri wangu unaanzia hapo.

Tafuteni daftari. Kila asubuhi, saa ileile, mwendeshaji aandike namba za mita ya umeme na za mita ya maji iliyo pale pale kwenye pampu, si zile za kwenye vituo vya kuchotea. Mwisho wa wiki gawanyeni uniti kwa meta za ujazo (meta moja ya ujazo ni lita 1,000). Kuinua lita 1,000 kwa kimo cha meta 100 kunahitaji uniti 0.27 hata kwa pampu isiyo na kasoro yoyote, na hakuna fundi anayeweza kuishusha namba hiyo. Pampu na mota zikiwa nzima, pamoja na msuguano wa bomba, mtapata kama nusu uniti. Mkikuta 0.9, kuna umeme unaopotea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kifaa cha pili ni presha geji, yaani kipima presha ya maji, na afadhali ziwe mbili: moja kabla ya valvu ya kutolea maji, nyingine baada yake. Kuna mradi mmoja wa kijiji cha mlimani ambako pampu ya impela 12 (visukuma maji vinavyozunguka ndani ya pampu) ilikuwa inasukuma maji kutoka tanki la chini kwenda la juu. Geji ya kwanza ilisoma presha ya bar 12, ya pili bar 8. Valvu ilikuwa imefungwa nusu. Mwendeshaji alikuwa na sababu yake: akiifungua yote, mota inavuta ampia nyingi na umeme unakatika kwenye swichi. Alikuwa anailinda mota, na alifanya vizuri. Tatizo ni kwamba pampu ilichaguliwa kubwa kuliko mlima wenyewe, na bar 4 kati ya 12, yaani theluthi ya kazi yote ya pampu, zilikuwa zinaishia kwenye valvu kila siku. Tuliifungua pampu, tukatoa impela 4, tukaziba nafasi zake kwa bushi, tukaacha valvu wazi kabisa. Maji yakafika tangini kwa kiasi kilekile, ampia zikashuka, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikaanza kudumu. Hatukununua mota wala bomba.

Wauzaji watakuletea inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa mota. Watakwambia ukishusha mwendo hadi asilimia 80, mota itakula karibu nusu tu ya umeme. Ni kweli, lakini ulizeni kwanza maji yanakwenda wapi. Kwa mwendo huo, nguvu ya kuinua hubaki asilimia 64. Kama kimo cha tanki peke yake kinadai asilimia 70 ya nguvu hiyo, maji yatasimama njiani na pampu itakoroga maji yaleyale hadi yapate moto. Inveta inafaa pale pampu inaposukuma maji moja kwa moja kwa wateja, ambako matumizi hupanda asubuhi na kushuka usiku. Kwa tanki la mlimani, chagueni pampu inayolingana na mlima.

Pia msiwashe pampu mbili pamoja kwenye bomba moja jembamba kwa sababu tu tanki limechelewa kujaa. Maji yakiongezeka mara mbili bombani, msuguano huongezeka karibu mara nne. Kama tanki lina nafasi, washeni moja kwa saa nyingi zaidi.

Halafu kuna nyumba chache za kileleni. Nimeona miradi inayopandisha maji yote hadi huko juu, kisha inayashusha kwa wateja wengi walio bondeni, na njiani inajenga matanki ya kuvunja presha ambayo imeilipia umeme. Hizo nyumba chache zipewe pampu yao ndogo. Maji mengine yaishie kwenye tanki la kimo kinachotosha, mteremko umalizie kazi. Maji ya Ziwa Victoria yaendayo Kahama na Shinyanga husukumwa kutoka Ihelele hadi kilima cha Mabale, na kutoka hapo mteremko huyabeba umbali mrefu.

Mivujo nayo zibeni mapema, maana maji yanayomwagika yameshalipiwa umeme wa kuyapandisha. Zimeni pampu, fungeni vituo usiku, pimeni kina cha tanki saa nne usiku, kisha saa kumi alfajiri; kikishuka, maji yanavuja.

Baada ya hayo njooni tuzungumze sola, na nitaiunga mkono kwa moyo wote. Ila paneli hununuliwa kwa ukubwa wa mzigo: ile pampu ya impela 12 ingehitaji paneli nusu zaidi ya zinazoitosha sasa, na kijiji kingezilipia ili maji yasukumwe dhidi ya valvu iliyofungwa.