Umeolewa na askari wa Marekani na mnahamishiwa ng'ambo? Fikiria shamba kabla ya kiapo cha uraia

Simu zinazonijia kutoka Tukuyu, Makambako na Mafinga hufanana sana: dada ameolewa na askari wa jeshi la Marekani, mume amepata amri ya kuhamia Ujerumani, Italia au Japani, na sasa dada anataka kujua uraia wa Marekani ataupata baada ya muda gani. Mimi pia nimeolewa na askari wa jeshi hilo na nimeishi naye kambini nchini Ujerumani, lakini nimezaliwa na kukulia Rungwe, katika ukoo ambao hadi leo unaendesha maisha kwa chai, ndizi na parachichi. Ndiyo maana kabla ya kujibu swali la uraia huwa nauliza la kwangu kwanza: nyumbani una ardhi, au unatarajia kurithi ardhi? Sheria ya Marekani inampa mwenzi wa mwanajeshi zaidi ya njia moja, na jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha njia ipi inakufaa.

Ipo hatua moja ambayo haina njia ya mkato. Kufunga ndoa na Mmarekani hakumpi mtu uraia wa Marekani, wala kuishi naye kambini hakumpi. Lazima kwanza uwe mkaazi wa kudumu, yaani mwenye ile kadi ambayo wengi wetu tunaiita grini kadi. Mume huwasilisha fomu I-130 ya kuthibitisha ndoa. Ikikubaliwa, shauri hupita kwenye kituo cha viza cha taifa kilichoko Marekani, kisha hupangiwa mahojiano ubalozini, na siku unapoingia Marekani kwa viza ya uhamiaji ndipo ukaazi wako wa kudumu unapoanza. Askari ambaye tayari yuko kituo cha ng'ambo anaweza kuruhusiwa kuwasilisha fomu hiyo kwenye ubalozi wa Marekani wa nchi aliko. Dada anayepanda ndege Dar es Salaam akashukia Frankfurt moja kwa moja, bila kupitia hatua hizi, anaweza kukaa na mumewe kambini kwa miaka yote ya zamu yake, na miaka hiyo isihesabiwe popote katika safari ya uraia. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi, na hawalitambui hadi mume anapopata amri ya kurudi kwao.

Kabla ya kulipa ada yoyote, soma tangazo la rais wa Marekani linalotumika wakati huo kuhusu raia wa Tanzania. Mwaka 2020 nchi yetu ilizuiwa kwenye viza za bahati nasibu peke yake, na kizuizi hicho kikaondolewa Januari 2021. Lakini Desemba 2025 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya sehemu, vilivyoanza Januari 1, 2026. Mambo haya hubadilika bila kumsubiri mtu, na kishoka wa mjini hatakurudishia fedha yako yakibadilika.

Kuhusu vyeti, kwetu Nyanda za Juu Kusini tatizo kubwa ni majina. Mtu alibatizwa kanisani kwa jina moja, akaandikishwa shule kwa jina la ukoo lililoandikwa kwa herufi za mwalimu, na alipofika NIDA jina la babu likawekwa mahali pa jina la baba. Katika mahojiano yangu afisa aliviweka cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa sambamba juu ya meza, akapitisha kalamu chini ya jina langu la ukoo herufi moja baada ya nyingine, kisha akauliza kwa nini kimoja kina herufi y na kingine hakina. Nilikuwa na hati ya kiapo niliyoapa mbele ya wakili Mbeya Mjini, pamoja na cheti cha ubatizo na cha darasa la saba, na maelezo yakaishia hapo. Kama cheti chako cha RITA kilitolewa ukiwa mtu mzima, beba na ushahidi wa zamani, kwa mfano kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule ya msingi. Kama mlioana kimila, mahari ikatolewa na wazee wakashuhudia, hakikisheni ndoa imesajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kuwa picha za sherehe hazichukui nafasi ya cheti. Cheti cha tabia njema cha polisi usikiache hadi wiki ya mwisho.

Ukishakuwa mkaazi wa kudumu, mlango wa kwanza ni wa haraka. Kifungu cha 319(b) cha sheria yao ya uhamiaji na uraia kinamruhusu mwenzi wa raia wa Marekani aliyepangiwa kazi ng'ambo kwa muda wa angalau mwaka mmoja kuomba uraia bila kutimiza kipindi chochote cha kuishi Marekani. Unaweza kujaza fomu N-400 muda mfupi baada ya kuingia nchini humo, ukaambatisha fomu DD-1278 ambayo jeshi hutoa kuthibitisha uhamisho. Unatangaza kwamba utaishi na mumeo huko aliko na kwamba mtarudi Marekani kazi yake ikiisha. Kwa kawaida katika mlango huu unapaswa kuwa Marekani kwa ajili ya usaili na kiapo, hivyo panga safari na fedha mapema.

Mlango wa pili ni wa taratibu, nao hauzungumzwi sana, ingawa kwa maoni yangu ndio uliotungwa kwa watu wenye hali kama yetu. Mwenzi wa raia wa Marekani huomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi wa kudumu, akiwa ameishi na mwenzi wake katika ndoa muda huo wote, na akiwa amekuwepo ndani ya Marekani kwa angalau nusu ya muda huo. Sheria ya mwaka 2008 iliongeza kifungu cha 319(e), kinachosema kwamba mke au mume wa mwanajeshi aliyeruhusiwa kumfuata kwa amri rasmi ya jeshi atahesabiwa siku zake za kambini kana kwamba alizikaa Marekani kwenyewe. Zaidi ya hapo, anaweza kumaliza shughuli yote ng'ambo, usaili na kiapo, bila kusafiri kwenda Marekani. Sharti ni kwamba jina lako liwe kwenye amri ya uhamisho ya mume. Aliyemfuata mumewe kwa mipango yao binafsi, bila kibali cha jeshi, hafaidiki na kifungu hiki.

Milango yote miwili ina mtihani wa Kiingereza na wa historia na serikali ya Marekani. Kwa maombi yaliyowasilishwa kuanzia Oktoba 20, 2025, maswali ya kujifunza ni 128. Utaulizwa hadi 20 na unatakiwa kupata 12. Aliyemaliza kidato cha nne na kusoma kwa bidii hana sababu ya kuogopa.

Kuna pia uamuzi wa kubaki na ukaazi wa kudumu bila kuomba uraia, na huu ndio nilioufuata mimi hadi sasa. Mkaazi wa kawaida akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka mmoja bila kibali maalumu anaweza kuupoteza ukaazi wake. Mwenzi wa mwanajeshi anayeishi naye ng'ambo kwa amri ya jeshi amekingwa: kuwepo kwake kambini hakuhesabiwi kuwa ameutelekeza. Waliooana chini ya miaka 2 kabla ya kuingia Marekani hupewa kadi ya miaka 2 tu, na fomu I-751 ya kuondoa masharti huwasilishwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, hata mkiwa ng'ambo.

Kambini nilizungukwa na wanawake wema waliotaka kunisaidia. Jirani yangu kutoka Kenya alichukua mlango wa haraka na hakuelewa kwa nini mimi nasitasita. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa raia wa nchi mbili. Mfilipino wa ghorofa ya juu naye ana sheria ya kwao ya mwaka 2003 inayomruhusu. Ushauri wao ulikuwa sahihi kabisa kwao. Sisi tunatawaliwa na Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995, ambayo kwayo mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaacha kuwa raia wa Tanzania. Wapo wanaodhani ndoa inawaokoa, lakini N-400 unaijaza mwenyewe na kiapo unakula mwenyewe, hata kama ndoa ndiyo iliyofungua mlango.

Na uraia ukishatoka, ardhi inafuata. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na ardhi ya kijiji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mashamba yetu Rungwe, Mufindi na Njombe, imewekwa kwa ajili ya raia. Mama yangu alikuwa ameniandalia kipande cha mteremko chenye parachichi aina ya Hass ambazo ndiyo kwanza zimeanza kuzaa. Nilipopata likizo tulikaa kikao cha ukoo, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, nikawaeleza waziwazi kwamba siku nitakapoapa kuwa Mmarekani sitaweza kushika kipande hicho kwa jina langu. Baba mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza, «Mwanangu, sasa ukifiwa na huyo bwana huko, utarudi hapa kama mgeni?» Nilimjibu kwamba ndiyo, nitarudi kwa viza, na Mmarekani anayekuja Tanzania hulipa dola 100. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu ya ardhi yamekuwa ya kweli zaidi, na tumeanza kushughulikia Hati ya Hakimiliki ya Kimila ili mipaka ijulikane bila kutegemea kumbukumbu za wazee.

Serikali yetu imekuwa ikiandaa Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, nami naifuatilia kwa matumaini. Hata hivyo, hadhi si uraia, na simshauri mtu aape kwa kuitegemea kabla hajasoma mwenyewe masharti yake kuhusu ardhi na urithi.

Sisemi kwamba kila mtu abaki na kadi. Kama huna ardhi wala tarajio la kurithi, au una mzazi unayetaka kumhamishia Marekani, mlango wa haraka una maana kubwa, kwa sababu raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaweza kumwombea baba au mama yake, wakati mkaazi wa kudumu hawezi. Pia pima hali ya ndoa yako kwa ukweli wote. Milango yote miwili hudai ndoa iwe hai hadi siku ya kiapo. Talaka ikija kabla, inafungwa. Mume akifariki akiwa katika utumishi wa heshima wa jeshi, kifungu cha 319(d) humruhusu mjane aliye mkaazi wa kudumu kuomba uraia bila kutimiza muda wa ukaazi, na hili kila mke wa askari anapaswa kulijua mapema. Kambi nyingi zina ofisi ya msaada wa kisheria isiyotoza ada. Nenda wewe mwenyewe, usimtume mume akuulizie.

Ujerumani pia huwachanganya watu. Tangu mwaka 2024 nchi hiyo inaruhusu uraia baada ya miaka 5 ya ukaazi, na wengi kambini hudhani miaka yao inahesabika. Sisi tunaishi pale chini ya mkataba wa hadhi ya majeshi ya NATO wa mwaka 1951, hatuhitaji kibali cha ukaazi cha Kijerumani, na kwa sababu hiyohiyo kwa kawaida hatujengi ukaazi wa Kijerumani.

Watoto wana hesabu yao. Mtoto uliyekuja naye kwenye ndoa haingii kwenye ombi lako. Mume anamjazia I-130 yake peke yake, na ndoa yenu iwe ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Mtoto huyo hapati uraia wa Marekani kupitia baba wa kambo. Mtoto mnayemzaa ng'ambo ni raia wa Marekani tangu kuzaliwa iwapo baba aliishi Marekani kwa miaka 5 kabla ya hapo, 2 kati ya hiyo baada ya kutimiza miaka 14, na muda wa utumishi wa heshima jeshini nje ya nchi huhesabiwa humo. Mtoto huyohuyo anaweza kuwa Mtanzania kwa kurithi kutoka kwa mama aliyezaliwa Tanzania, mradi mama bado ni raia wakati anajifungua. Akifika miaka 18 atachagua. Hivyo kama mnatarajia mtoto na mnataka awe na haki hiyo ya kuchagua, angalieni tarehe ya kiapo kabla ya kuijaza N-400, na mtoto akizaliwa Ujerumani pelekeni cheti chake kwenye ubalozi wa Marekani na pia kwenye ubalozi wetu ulioko Berlin.