Gigahezi tele, kipimo hakuna

SWALI: Shikamoo, fundi. Nina kibanda cha kutengeneza redio za boti huku Likoni. Nataka jenereta ya mawimbi ya kupimia usikivu wa redio za VHF. Mtandaoni nimeona moja ya shilingi 4,500, ina kioo cha kugusa, na inafika gigahezi 4.4. Rafiki yangu asema nikiiongezea vipunguza nguvu itanifaa. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Ukitaka ya kuchezea, nunua. Ila isikaribie redio ya mtu anayetoka nje ya mwamba.

Kila anayeniuliza habari za jenereta (si zile za dizeli, zile waulize wenye maduka) huanza na gigahezi. Chaneli 16 ya redio za boti iko megahezi 156.8, na gigahezi moja ni megahezi elfu. Hizo 4.4 za juu wazitakia nini? Ni kama kupeleka pete ya dhahabu kwenye mizani ya malori pale Mariakani kwa sababu ile inabeba tani nyingi.

Kinachokupa tabu wewe ni huku chini. Redio nzima ya boti husikia mawimbi ya kiasi cha mikrovolti 0.25, yaani −119 dBm kwenye omu 50 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka milliwati moja, na kila desibeli 10 kushuka ni kugawanya nguvu kwa kumi). Bila shaka hicho ulichokiona kimejengwa juu ya chipu ya ADF4351, maana masafa yake ndiyo hayo hasa, megahezi 35 hadi gigahezi 4.4. Chipu hiyo hutoa nguvu za ngazi nne tu, na ya chini kabisa ni −4 dBm. Kutoka hapo hadi −119 ni kupunguza nguvu mara zaidi ya bilioni 300.

Rafiki yako atasema, basi tia vipunguza nguvu vitatu vya desibeli 40. Niliwahi kutia. Kidude kilikuwa ndani ya boksi lake la plastiki, redio upande wa pili wa meza, skwelchi (kile kinachozima mchakacho pasipo wimbi) nimeifungua, mchakacho unasikika. Nikawasha, mchakacho ukakatika, maana yake redio imeshika wimbi. Nikafurahi. Kisha nikachomoa kebo kwenye tundu la antena nikailaza mezani. Redio ikabaki kimya vile vile! Wimbi lilikuwa linatoka kwenye plastiki na kwenye waya wa USB, linapita hewani na kuingia redioni bila kugusa vile vipunguza nguvu vyangu. Kikivuja sehemu moja tu ya bilioni, hiyo bado ni mara mia tatu ya kile unachotaka kupima. Ndiyo maana ukifungua jenereta ya kweli unakuta boksi la chuma ndani ya boksi la chuma, skrubu zimesongamana utadhani kuna hazina. Pesa yako inakwenda kwenye chuma hicho na kwenye vipunguza nguvu vilivyopimwa.

Na hata kama kisingevuja, kwa kawaida vidude hivi havina modulesheni ya FM, yaani haviwezi kupandisha sauti juu ya wimbi kwa kulichezesha masafa. Kipimo cha redio yako chataka sauti ya kilohezi 1 yenye mchepuko (huko kucheza kwa masafa) wa kilohezi 3. Juu ya hayo, ukikiambia 156.8, chipu inatengeneza megahezi 2508.8 kisha inagawanya kwa 16, na kinachotoka kinakaribia umbo la mraba, kimebeba hamoniki zake, yaani mawimbi ya ziada kwenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea. Ya tatu iko 470.4.

Soko lenyewe halijawahi kuwa zuri kwa fundi mdogo kama sasa. Zamani ilikuwa Hewlett-Packard, Marconi au Rohde & Schwarz, na bei ya kiwanja. Leo kampuni za China, Rigol na Siglent, zimekua hadi kuingia soko la hisa la Shanghai, Siglent mwaka 2021 na Rigol mwaka 2022. DSG815 ya Rigol inafika gigahezi 1.5 na SSG3021X ya Siglent 2.1. Zote mbili zina FM na zinashuka hadi −110 dBm. Hapo kipunguza nguvu kimoja cha desibeli 20 kinatosha, kwa sababu boksi lenyewe limezibwa. Mfuko ukikataa, tafuta HP 8648A iliyotumika, lakini mbele ya muuzaji teremsha nguvu hatua kwa hatua, desibeli 10 kila mara, redio ikiwa imeunganishwa. Hatua moja ikiruka au ikikwama, kipunguza nguvu chake cha ndani kimechoka. Kibandiko cha "imepimwa" kisicho na tarehe wala jina la maabara ni pambo. KEBS, shirika la viwango la Kenya, wana maabara ya vipimo, cheti chao kinasomeka.

Kuna na hawa wanaouza mashine "zilizofunguliwa" kwa namba za siri ili zipande masafa zaidi ya yaliyolipiwa. Huko juu hakuna anayekuhakikishia kwamba kioo kinasema kweli.

Ukishanunua, chomoa maiki ya redio kabla ya kuunganisha. Mtu akibonyeza kitufe, wati 25 zinarudi ndani ya jenereta, na harufu utakayoisikia ni ya pesa yako. Wala usiifunge kwenye antena kujaribu kama inafika mbali. Chaneli 16 ni ya mwito wa dharura.

Kinachonichosha zaidi ya vidude ni mafundi wa bisibisi. Redio inaletwa haisikii vizuri, fundi anazungusha koili zote za ndani za kurekebishia redio kwa sikio huku mwenzake akihesabu "moja, mbili, tatu" kwenye redio ya mkono hatua kumi kutoka pale. Kwa umbali huo hata redio iliyokufa nusu itasikia. Kisha boti linafika ng'ambo ya Shimoni, nahodha anaita, anajibiwa, na hasikii kwamba amejibiwa. Mwezi uliopita nilipokea redio ya namna hiyo. Tatizo la awali lilikuwa plagi ya antena iliyoliwa na chumvi, kazi ya dakika kumi. Koili alizozizungusha mwenzetu zilinichukua siku mbili.

Nahodha, ukimkuta fundi amefungua kifuniko, bisibisi mkononi, na kwenye tundu la antena hakuna kilichochomekwa, chukua redio yako uende zako.