Mama mkwe amekalia chumba cha mbele, nataka atoke

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Mwaka juzi mume wangu alinunua nyumba kuukuu ya vyumba sita Temeke, tupangishe. Mama yake, aliyechangia kidogo baada ya kuuza shamba lake la Mkuranga, anakaa chumba cha mbele bure na ndiye anayepokea kodi. Hesabu sionyeshwi, na bati la uani linavuja. Novemba nilichukua kodi ya miezi sita kwa wapangaji wawili, 60,000 kwa mwezi kila mmoja, nikashona sare za harusi ya mdogo wangu. Mpaka leo mume hasemi nami vizuri. Nikiachika si nitatoka mikono mitupu? Nifanyeje bibi huyu aondoke?*
*Mke Asiyethaminiwa*

Marahaba mwanangu. Kununiwa ndani ya nyumba kunauma, pole. Pole yangu inaishia hapo.

Shamba la Mkuranga umelipitia mbio mbio. Mtu mzima kauza alipokuwa akilima, hela kaitia kwenye nyumba ya mwanawe, halafu wewe unasema anakaa bure! Na hesabu unayoitafuta unayo mwenyewe: 720,000, zimevaliwa harusini. Bati lizibwe kwa lipi?

Ile nyumba unaijua, au unaijua kodi yake tu? Mita ya LUKU ni moja, wapangaji watano. Mmoja ana friji, mwingine ana taa tu, na mchango wanatakiwa watoe sawa. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo mpangaji akinunua umeme anamlipia mwenye nyumba, na asubuhi anabisha hodi chumba cha mbele kudai chake. Choo kikijaa, nani anaita gari la majitaka? Anayehamisha godoro usiku akiwa na deni, nani anamwona? Mwondoe huyo mama, halafu kila mpangaji mpya dalali atachukua kodi yake ya mwezi mzima, na dalali hatalala pale kukulindia.

Ndoa za siku hizi zina tamaa ya ajabu. Watu wananunua kibanda chenye mchwa darini, kodi ya mwaka wameshaipangia matumizi, na mzazi anageuka kuwa chumba kinachopoteza hela. Mama wakwe wa enzi zetu walikuwa na vituko, tena vibaya, ila hakuna aliyewapigia bei.

Hiyo hofu ya mikono mitupu ndiyo barua yako. Mengine ni kifuniko. Basi sikia. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ila kesi hiyo isome mpaka mwisho: Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana majaji waliona alishatapanya hela alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia. Sare zile, mwanangu!

Ungedai maandishi ningekuunga mkono. Mumeo, mama yake na wewe mwandikishane nani alitoa nini, serikali ya mtaa ishuhudie, na kodi iwe na daftari ambalo wote mnalifungua. Lakini usilitaje daftari kabla hujalipa. Jumamosi nenda Temeke na hizo 720,000, hata kwa mafungu, umkabidhi mama mkononi, mafundi wapande juu kabla ya masika.