Kibanda cha mtoto: anza na mchwa, rangi baadaye

Dada, umeuliza kama mtoto wa miaka 5 anaweza kukusaidia kujenga kibanda cha kuchezea nyuma ya nyumba hapo Jinja, na kama miti ya mkaratusi itafaa. Anaweza, na itafaa, ila mchwa wa kwetu hawana huruma. Usichimbie nguzo moja kwa moja kwenye udongo. Mwaga zege shimoni, ulipandishe inchi chache juu ya ardhi. Mchwa wakitaka kupanda, itabidi wajenge kile kinjia chao cha udongo hadharani. Mpe mtoto kijiti, akikwangue kila Jumamosi. Oili chafu ya gari ambayo mafundi wengi watakushauri upake, mimi siitaki mahali mtoto anaposhika na kisha kula embe.

Wangu nilimkabidhi kopo la misumari. Alinipa mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti, na akikosea tulianza upya. Kazi ya siku moja ikachukua tatu. Mlango tuliupima kwa urefu wake yeye, sasa mimi naingia kwa magoti nikialikwa chai ya maji matupu.

Kukata mabati usimruhusu hata kusogea. Kingo zake zikunje kwa nyundo kabla hajaingia. Na wahi kuezeka kabla ya Machi, mvua za masika zikianza mtabaki mnalitazama tope.