Baba ya mtoto ameniblok na karo inadaiwa, nianzie wapi?

SWALI: Anti hujambo. Nakaa Kayole, nafulia watu nguo na wikendi nauza mboga. Niliishi na baba ya mtoto wangu miaka kadhaa lakini hatukufunga ndoa, wala mahari hakutoa, tulikaa tu. Mtoto ana miaka sita sai, ako gredi ya kwanza. Babake alihama akaanza maisha na mwingine huko Kitengela, ni dereva wa lori kwa kampuni moja Industrial Area na ameandikwa kabisa. Mara ya mwisho alituma mia tano kabla shule zifunguliwe alafu akaniblok. Chifu alimwita hakutokea. Anasema ati hatukuoana kwa hivyo sheria haimjui, na nikizidi kumsumbua ataitisha DNA na anipokonye mtoto. Marafiki wananiambia nikamwache mtoto kwa geti yake, wengine wanasema nimwanike Facebook. Sina pesa ya loya. Nifanyeje? – Mama wa Mmoja

JIBU: Pole sana mwanangu, na wacha nianze na hayo maneno ya ati sheria haimjui, juu ndio yamekufunga mikono muda wote huu. Si kwamba ameyatoa hewani. Ile Sheria ya Watoto ya zamani, ya 2001, ilikua inamwekea mama jukumu kwanza kama hawajaoana na baba, na wanaume wengi wa mtaa bado wanaishi na hiyo. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja ikafuta ile ya 2001 ikafuata njia hiyo hiyo. Kwa hivyo ndoa hapa haiulizwi, kinachoulizwa ni kama mtoto ni wake.

Na akitaja DNA usishtuke, mwambie sawa, twende. Ni mahakama inaamuru hiyo kitu ubaba ukibishaniwa, na akikataa kutoa sampuli hakimu ana ruhusa ya kujiuliza anaogopa nini. Kama cheti cha kuzaliwa hakina jina lake pia usikate tamaa, kesi haifi juu ya hiyo. Tangu 2016 High Court iliamua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya jina la babake kwa cheti.

Hiyo ya kukupokonya mtoto nayo ni ya kukunyamazisha. Mtoto chini ya miaka kumi mahakama zetu kwa kawaida humwacha na mamake, mpaka kuwe na sababu nzito sana, na kufua nguo za watu sio sababu. Nimesoma barua nyingi za kina mama wenye wamekaa kimya miaka kwa hofu hii moja na inaniuma kila mara, juu mwenye analala bila maziwa ni mtoto.

Sasa, chifu anaweza kumwita na kuwapatanisha lakini hawezi kumlazimisha kulipa. Enda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, ni ofisi ya serikali na kuhudumiwa ni bure. Yeye atamwandikia barua ya kumwita, mkae chini, na mkielewana mnaandika makubaliano ya malezi, nani analipa nini na tarehe ngapi, mnasaini. Hayo makubaliano yapelekwe mahakamani yawe amri, juu karatasi ya ofisini pekee ataisaini leo na mwezi ujao aendelee kulala. Asipotokea kabisa afisa anakuelekeza mahakamani, na hapo Nairobi ni Mahakama ya Watoto ya Milimani.

Usiende mikono mitupu. Chukua daftari ya mtoto yenye imebaki kurasa, andika matumizi yake ya mwezi mmoja bila kuongeza chumvi: sehemu yake ya kodi ya nyumba, unga, maziwa, sabuni, nauli, karo ya muhula ukigawanya kwa miezi, viatu vya shule, dawa. Kila mahali uko na risiti ibandike. Alafu toa stetmenti ya M-Pesa inayoonyesha pesa zote amewahi kutuma, hata hiyo mia tano, juu inaonyesha mambo mawili, kwamba amekua akimjua mtoto na kwamba ameacha kumtunza. Meseji zake usifute hata zenye matusi. Beba cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, barua ya shule, kopi ya kitambulisho chako, na jina kamili la kampuni anakofanya kazi. Hiyo ya mwisho wengi husahau na ndio yenye nguvu zaidi kwa kesi kama yako.

Nakwambia kwa nini. Mahakamani kila mzazi anaandika hati ya kiapo ya uwezo wake, mshahara, madeni, watoto wengine, kila kitu, na hakimu anagawa kulingana na hiyo. Usitarajie abebe yote, mara nyingi baba anaambiwa karo na matibabu, mama chakula na nyumba, ama wagawane nusu, na wewe pia utaandika chenye unapata kwa nguo na mboga. Kesi ikiendelea unaweza kuomba amri ya muda ili mtoto asingoje mpaka mwisho. Akiamriwa na akaze mkono, unaweza kuomba mwajiri aamriwe kumkata moja kwa moja kwa mshahara, na akiwa mkaidi kabisa kuna kifungo cha mdaiwa, kisichozidi miezi sita, na akitoka deni bado linamngoja.

Kukublok nako hakumsaidii, juu tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi, ile karatasi ya mahakama ya kumwita, itumwe hata kwa WhatsApp kwa namba anayotumia, na mwenye anatuma ni mtu wa mahakama, sio wewe.

Loya wa bure wako. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, husaidia kina mama wenye hawajiwezi, shirika la Kituo cha Sheria pia, na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Hata bila loya unaruhusiwa kusimama mwenyewe, mradi karatasi zako ziko sawa. Ukikwama na huna hata kredo, piga 116, laini ya watoto, haitozwi.

Kumwacha mtoto kwa geti usithubutu, tafadhali. Kwanza ni kumtelekeza na unaweza kushtakiwa wewe, pili fikiria huyo mtoto wa miaka sita amesimama na begi mbele ya nyumba ya watu asiowajua. Kumwanika Facebook pia acha, atakugeuzia kesi ya kumharibia jina na picha za mtoto zibaki huko mpaka awe mtu mzima. Na akitaka kumwona mwanawe usimkatalie ati juu hajalipa, kama hakuna hatari mpe nafasi, hakimu huangalia hizo kitu mbili kando kando na utaonekana ni wewe unamzuia.

SWALI: Anti, mimi ni baba, nakaa Umoja. Natoa pesa ya mtoto kila mwezi mkononi na mamake ameenda kusema sijawahi toa kitu. – Baba Mnyonge

JIBU: Acha kutoa keshi leo hii. Karo lipa kwa akaunti ya shule moja kwa moja, ya matumizi tuma M-Pesa na utume meseji ni ya nini. Na wewe pia afisa wa watoto ni wako, enda hapo mwenyewe kabla hujaitwa, uombe mwandikiwe makubaliano yenye kiasi na tarehe, na siku zako za kumwona mtoto ziandikwe hapo hapo.