Maswali ya Wasomaji: Maneno Yanayofanana Si Lazima Yawe Ndugu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika katika daftari mambo yanayofanana ambayo watu hupita bila kuyaona. Jua la angani na kitenzi kujua ni neno moja, nami naamini wazee walitaka kutufundisha kwamba maarifa ni mwanga. Safari na sifuri zina konsonanti zilezile, kwa sababu kila safari huanzia sifuri. ASP ilizaliwa tarehe 5 Februari 1957, Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari 1967, na CCM ikaundwa tarehe 5 Februari 1977. Hata katika darasa langu lenye wanafunzi 40 wamo wawili waliozaliwa tarehe moja. Je, haya yote ni sadfa tu?

JIBU: Mwalimu, usilitupe daftari lako, kwa maana mambo uliyoyakusanya yanastahili kuchunguzwa, ila umeyaweka kapu moja ilhali hayafanani kwa namna moja. Kila unapokuta vitu viwili vinavyofanana, uliza kwanza vimefikaje hapo.

Tuanze na jua. Kiswahili peke yake hakiwezi kutoa ushahidi katika kesi hii, kwa hiyo tuwaite ndugu zake. Kichewa cha Malawi huliita jua dzuwa, na kujua ni kudziwa. Kishona cha Zimbabwe husema zuva kwa jua, na kuziva kwa kujua. Yatamke polepole, dzuwa na dziwa, zuva na ziva, nawe utasikia kwamba ni maneno mawili yanayotenganishwa na irabu, na kwamba katikati ya kila moja ipo konsonanti ambayo sisi hatunayo tena. Katika Kiswahili konsonanti hiyo ilidondoka, sauti zilizobaki zikasogeana, na maneno ambayo tangu zamani yalikuwa mbalimbali yakajikuta yamevaa umbo moja. Fikra yako ya maarifa na mwanga ni nzuri, na mshairi akiitumia hakosei, lakini si wazee walioificha humo.

Kuhusu safari na sifuri, mtu yeyote aliyesoma madrasa anaweza kukusaidia. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini safari imetokana na neno linaloandikwa kwa herufi sini, na sifuri na neno linaloandikwa kwa swadi. Kwa Mwarabu hizo ni sauti mbili, na mizizi yake ni miwili. Sisi tuna s moja tu, tukaipokea mizizi hiyo kana kwamba ni mmoja.

Ninasikitika kidogo kwamba ulipokuwa ukitazama huko, ulipitwa na mfuatano wa kweli ambao unao mezani kila siku: kitabu, katibu na maktaba. Hayo ni ndugu wa damu. Yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye k, t na b, unaohusu kuandika, na kila moja lilikuja kwetu na sehemu yake ya maana: kilichoandikwa, anayeandika, na mahali panapowekwa maandishi. Na ndani ya familia hiyo imo sadfa moja ambayo mimi huifurahia kila ninapoikumbuka. Ile ki ya kitabu ni sehemu ya neno lenyewe, wala si kiambishi. Lakini Mswahili aliposikia ki mwanzoni, aliisikia kama ile ya kiti na kisu, akasema vitabu. Katibu, ambaye hakuwa na ki, akaenda zake kwa makatibu. Hivyo mgongano wa sauti, usiokusudiwa na mtu, uliwatenganisha ndugu wawili katika ngeli mbili.

Tarehe ni jambo jepesi zaidi. TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM, tarehe 5 Februari 1977 iliteuliwa kwa makusudi, ili chama kipya kizaliwe siku ASP ilipotimiza miaka 20 na Azimio lilipotimiza miaka 10. Hapo upo mkono wa mtu, kama ulivyokuwapo Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, au Kenya kwa tarehe 12 Desemba ya mwaka 1963 na ya 1964. Serikali na vyama hupenda kupanda jambo jipya juu ya kumbukumbu iliyopo.

Wanafunzi wako wawili, kwa upande wao, hawakupangwa na yeyote, wala hawashangazi. Watoto 40 hufanya jozi 780, na uwezekano wa angalau jozi moja kugongana katika tarehe ya kuzaliwa ni takriban asilimia 89. Wangetosha hata 23, wenye jozi 253, kuuvusha uwezekano huo nusu. Ungekuwa umemtaja mtoto mmoja mapema, ukatafuta aliyezaliwa siku yake, huenda ungetoka mikono mitupu. Lakini wewe ulikuwa tayari kuipokea jozi yoyote kati ya hizo 780.

SWALI: Mwanangu ameniuliza swali lililonishinda. Jumatano ina tano ndani yake, na nimeambiwa kwamba Alhamisi nayo maana yake ni ya tano. Inawezekanaje siku mbili zinazofuatana zote ziwe za tano?

JIBU: Mwanao amesikia vizuri, mzazi mwenzangu, na hii si sadfa. Zimekutana hesabu mbili. Waarabu huanza kuhesabu Jumapili, hivyo Alhamisi huwa ya tano. Waswahili walianza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, wakaiita Jumamosi, yaani ya kwanza, wakaendelea hadi Jumatano. Lakini walipokaribia Ijumaa waliacha namba zao wakachukua majina ya Kiarabu, ndiyo maana hatuna Jumasita.

Mwoneshe pia miezi ya wazee wa pwani. Baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, na hapo namba hukoma. Hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Juma na mwaka vimehesabiwa kwa utaratibu uleule: namba huanza mara tu siku kuu au mwezi mtukufu unapopita, na zile za mwisho, zinazoelekea tena kwenye ibada, hubaki na majina ya Kiarabu.